Mtoto wa Mashine Katika Sanduku la Harusi

Juzi mjukuu wangu Rahma alinipeleka kuona pahala anapofanya kazi. Ni hoteli, humu humu Mji Mkongwe, na hoteli yenyewe ndo ile nyumba yetu aliyozaliwa baba yangu, na mie nikazaliwa humo humo. Tangu warithi walipokubaliana iuzwe nilikuwa sijaukanyaga mlango wake. Watu walidhani nitalia. Sikulia, nilikuwa nimeshughulika na ngazi, maana zile ngazi zetu ndefu tangu zamani, na magoti yangu si yale.

Juu, ilipokuwa stoo ya mkaa, wameweka makochi na rafu ya vitu vya kale ili wageni wavipige picha. Pasi ya mkaa ipo, simu ya kuzungusha ipo, mbuzi ya kukunia nazi ipo. Na mwisho wa rafu, kimesukumwa mpaka ukutani, kimekaa kisanduku cha chuma, kirefu na chembamba. Usoni kina vifundo vya kuzungusha. Nyuma kiko wazi, na ndani zimejipanga valvu, zile glopu ndogo ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani.

"Hiyo redio ya zamani hiyo, Bibi," akanambia msichana wa mapokezi, kwa adabu, baada ya kuniamkia.

"Si redio, mwanangu."

"Ni kitu gani?"

"Huyu ni mtoto," nikamwambia.

Rahma akanitazama kwa jicho la kutaka kujua kama asubuhi nilikunywa dawa zangu. Nikakichukua kile kisanduku kwa mikono miwili, nikakileta puani. Kilinuka vumbi na kutu, na chini ya vumbi, kwa mbali, karafuu. Hapo nikakaa kwenye kochi lao, na wao wakakaa, nikawaeleza kama nnavyokueleza wewe.

Baba yangu, Fundi Seif, alikuwa fundi redio. Kabla ya kujitegemea alifanya kazi kiwanja cha ndege, Kiembe Samaki, chini ya mhandisi mmoja wa Kizungu. Yule mhandisi alipohama aliona tabu kusafirisha mashine yake moja, akamwachia baba. Sisi nyumbani tukiiita mashine ya mstari. Ilikuwa nzito, haiinuliki na mtu mmoja, na mbele ilikuwa na kioo cha duara kama uso wa saa. Ukiiwasha unangoja. Valvu zinapata moto taratibu, zinafanya wekundu kama makaa ya chetezo, chumba kizima kinaingia joto la vumbi lililoungua, na baadaye ndo unauona mstari wa kijani umelala katikati ya kioo. Ikiunganishwa na redio kwa waya, ule mstari unaanza kucheza. Mtu akizungumza unatikisika, mwimbaji akivuta sauti unajikunja kama ukili. Baba akisema sauti inaonekana kama kitu chengine chochote, ila sisi hatukupewa macho yake.

Lakini mashine peke yake haikuwa na kazi. Chini ya kioo palikuwa na tundu la mraba, na humo ndo akisukuma kile kisanduku, kama unavyosukuma mtoto wa meza, yaani droo. Kinachotoka redioni ni kidogo mno, alinieleza, hakina nguvu ya kuutikisa mstari. Kisanduku kinakipokea, kinakikuza, ndo mstari unacheza. Na kwa kuwa kikiingia na kutoka kama mtoto wa meza, nyumba nzima tukikiita mtoto. "Usimguse mtoto, ana moto." "Nani kamtoa mtoto?" Wageni waliokuja mara ya kwanza walikuwa wakiangaza macho huku na huku.

Mie kazi yangu ilikuwa kumpelekea baba kahawa na kashata baada ya chuo cha Kurani, na kupangusa kioo kwa kitambaa kikavu. Nnakikumbuka kitambaa hicho. Ukikipitisha kwenye kioo, malaika ya mkono, vile vinyweleo, yanasimama.

Sasa, akaposwa shangazi yangu Nuru, mdogo wake baba, na mwanamme wa Makunduchi, jina lake Haji, mtu mpole mpaka wanawake wa nyumbani wakimcheka. Siku hizo harusi haikwisha kwa kuoana. Kulikuwa na fungate. Bwana harusi anahamia kwa kina mke, wawili wale wanafungiwa chumbani siku saba, wanapelekewa vyakula vizuri, na mlango ule haukaribiwi na mtu ila somo. Somo ni yule mwanamke mtu mzima aliyemfunda bibi harusi, naye ndo anayewahudumia. Wetu alikuwa Bi Tatu. Sijapata kuona mtu mwenye amri kama yule mwanamke.

Nyumba yetu kubwa, lakini chumba chenye choo ndani kilikuwa kimoja tu, na kimoja hicho ndo chumba cha kazi cha baba.

"Seif," bibi yangu Bi Zuwena akamwambia, "makorokoro yako yatoke kabla ya Jumatano."

"Mama, hiyo mashine haipendi kuhamishwa."

"Na mie sipendi mwanangu afanye fungate na redio za watu. Itoke."

Ikatoka. Baba alimchomoa mtoto kwanza, kuupunguza uzito, akamweka pembeni kwenye kiti, halafu yeye na wapagazi wa marikiti wakaipandisha mashine mpaka juu, stoo ya mkaa, huku jasho linawatoka na bibi anawahimiza wasikwaruze ukuta uliopakwa chokaa upya. Baba aliporudi chini alikuta chumba kishafukizwa udi na kitanda kishatandikwa, na yeye akavutwa kwenda kupokea mbuzi walioletwa kwa ajili ya karamu. Mtoto akasahauliwa. Si na kila mtu, lakini.

Ya harusi nisikumalizie muda. Nnakumbuka wanawake wamekaa ukumbini wanatunga asumini, na vidole vyao havikomi, na liwa ya kujipaka inasagwa, na mie natumwa huku na huku mpaka natamani niwe mgeni. Bwana harusi akaingia, mlango ukafungwa, fungate ikaanza.

Siku ya pili ya fungate, asubuhi, akaja jirani yetu Bi Kazija, na nyuma yake mpagazi na redio kichwani.

Bi Kazija alikuwa na mtoto mmoja tu, Sleiman, baharia wa meli za mbali. Safari yake ya mwisho nyumbani alimletea mama yake ile redio, kubwa, ya mbao, iliyokuwa ikishika stesheni za nje ambazo redio zetu hazikuzisikia hata ukizibembeleza. Halafu akaondoka, na baada ya hapo hakuna barua, hakuna salamu. Miaka ikapita. Mtaani watu walishaanza kusema "marehemu Sleiman", wakimwona mama yake wanageuza maneno. Wengine walimshauri asomeshe hitima, apumzike. Bi Kazija akijibu, "Nimsomee nani?" na anaendelea na mambo yake.

Sasa kafika mtu kutoka Mombasa, kasema kasikia idhaa moja ya nje ikitangaza kwamba Ijumaa, baada ya laasiri, Waswahili waliopo nchi ile watatoa salamu kwa watu wao, na katika majina yaliyotajwa limo la Sleiman wa Unguja. Bi Kazija akaenda kuiwasha redio yake. Redio ikawaka, lakini sauti ikitoka kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto, inakatika, inarudi, inakatika.

"Sleiman wa Unguja wako wengi," baba akamwambia taratibu.

"Ndo nataka nimsikie mwenyewe. Mie nikimsikia nitajua. Nitengenezee, Fundi. Sitaki kuambiwa na mtu."

Baba akaifungua redio kule juu, baina ya magunia ya mkaa. Akabadilisha valvu, haikuwa valvu. Akagusa huku na huku, sauti ile ile. Akanambia, ili ajue inazibwa wapi, ni lazima aifuate ndani ya redio hatua kwa hatua na mstari umuoneshe pahala inapoharibika. "Niletee mtoto," akasema.

Mtoto hayupo kwenye kiti. Hayupo ukumbini, hayupo chini ya ngazi. Nyumba ikageuzwa, mama yangu akatazama mpaka kwenye pipa la mchele. Mwisho bibi akatoka jikoni na kifuu mkononi, akauliza kwani kunatafutwa nini.

"Mtoto, mama. Kile kisanduku cha mashine."

"Ah, kile. Nimekihifadhi."

"Wapi?"

"Pahala pazuri."

"Mama, wapi?"

Bibi hakuona kosa, na mie mpaka leo nnamfahamu. Kwake yeye kitu cha thamani kilikuwa na hifadhi moja. Alikiona kile chombo kimeachwa kitini, vioo vyake nje nje, mende wanapita, hewa ya chumvi inaingia, akaona mwanawe kapitiwa. Akakifunga ndani ya doti ya kanga, akakitilia viganja vya karafuu, kama alivyokuwa akizitilia nguo zake za hariri, akakilaza ndani ya sanduku la bibi harusi chini ya nguo, akalifunga. Sanduku liko chumbani kwa maharusi. Ufunguo kafungiwa shangazi kwenye pindo la kanga.

Baba alikaa kwenye ngazi. Kaka wa bibi harusi, nakwambia, hapiti hata karibu ya mlango ule. Ikibidi kupita anakohoa toka mbali na kutazama upande wa pili. Kugonga ni jambo lisilotajika. Na Ijumaa ni siku ya pili yake tu.

Akatumwa mama kwa Bi Tatu. Bi Tatu akaja mwenyewe ukumbini, kajifunga kanga kiunoni.

"Seif, nasikia una haja chumbani kwangu."

"Nina haja ya mtoto, Bi Tatu."

"Maharusi hawajatimiza siku tatu, na wewe ushataka mtoto?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaangukiana mabegani. Baba masikio yakamwiva.

"Kisanduku changu cha kazi. Kimo ndani ya sanduku la Nuru."

"Kinachoingia mle ni chakula, maji na asumini. Kinachotoka ni vyombo vichafu. Chengine mie sijafundwa."

Hapo Bi Kazija, aliyekuwa kakaa kwenye mkeka, akasema, "Tatu, ni kwa ajili ya Sleiman." Bi Tatu alimtazama, akajifunga kanga upya, akaingia jikoni.

Mchana ule sinia la maharusi likaingia kama kawaida, pilau na kuku wa kupaka, limefunikwa kawa nyekundu. Baba akangoja chini ya ngazi. Kila aliyepita alimchokoza. "Fundi, njaa gani hiyo ya kuvizia makombo ya bwana harusi?" Kwa muda mrefu mlango haukufunguliwa, halafu ukafunguliwa, Bi Tatu akatoka na sinia kichwani, anakwenda polepole kuliko siku zote, shingo imemkaza. Alipofika kwa baba akalitua. Akafunua kawa. Kati ya mifupa ya kuku na maganda ya ndimu, kakaa mtoto ndani ya kanga yake.

"Nimemtoa," akasema. "Na bwana harusi anaomba radhi."

"Anaomba radhi ya nini?"

Ndo tukajua. Haji wa watu alilifungua lile sanduku siku ya kwanza, katumwa na mkewe kanga, akakuta chuma na vioo na karafuu vimefungwa kwa heshima zote. Akadhani ni mila ya watu wa mjini, kitu cha kumtazamia mume kama atauliza asichotakiwa. Hakuuliza. Akakifunga vizuri, akakirudisha, na usiku kucha alikuwa akikifikiria. Alipomwona Bi Tatu kaja kukichukua aliona kashindwa mtihani. Shangazi Nuru alicheka mle ndani mpaka tukamsikia nje, jambo ambalo si adabu kwa bibi harusi, na Bi Tatu akamkemea kwa kuugonga mlango.

Baba akakimbia nacho juu. Akazipukuta karafuu alizoweza, nyengine zilishaingia chini ya valvu, hazitoki. Akamsukuma mtoto pahala pake, akaiwasha mashine. Moto ulipopanda, mafuta ya karafuu nayo yakapata moto, na harufu ikashuka ngazi ikaingia vyumba vyote, ikachanganyika na udi wa maharusi. Bibi alisimama mlangoni mwa stoo akavuta pumzi, akasema kwamba sasa hiyo mashine angalau inanukia kama kitu cha nyumba ya watu. Mstari ukalala kwenye kioo. Baba akaifuata ile sauti ndani ya redio na waya yake, na Ijumaa, watu wanatoka msikitini, akapata pahala mstari ulipovunjika, penye kikopo kidogo cha kuwekea umeme kilichokauka. Akakilehemu kipya. Sauti ikafunguka.

Laasiri ikapita. Bi Kazija akakaa kwenye kigoda mbele ya redio, baba nyuma yake, mama, bibi, na mie nimejibana na gunia. Waya za mashine baba hakuziondoa. Nadhani alikuwa na hofu ya kugusa chochote. Kwa hiyo kila aliyezungumza redioni tulimwona pia kwenye kioo. Walipita watu wa Mombasa, wa Lamu, wa Dar es Salaam, wote salamu ni zile zile, namsalimu mama, namsalimu mjomba, mie mzima. Katikati sauti ya mawimbi kama dagaa wanaokaangwa. Halafu mtangazaji akasema, Sleiman, wa Unguja.

"Asalaam aleikum. Namsalimu mama yangu, aliko. Mie mzima, nipo huku, nilikuwa mgonjwa, nshapoa. Nawasalimu jirani zangu wote." Akakohoa. Mstari ukaruka juu, ukashuka. Akapita, akaja mwengine wa Tanga.

Maneno yale angeweza kuyasema mtoto wa mtu yeyote. Tulikuwa tunamtazama Bi Kazija, naye anatazama kioo. Kaweka kidole pale mstari uliporuka, na nnaijua ile hisia, malaika ya mkono yalimsimama.

"Ana mafua," akasema.

Baba akauliza, "Bi Kazija?"

"Sleiman. Ana mafua. Akipata mafua pua yake ya kulia inaziba, tangu mchanga, neno linamtoka kwa upande mmoja. Hawamfuniki blanketi huko." Akainuka, akajifunga buibui. "Asante, Fundi. Redio nitatuma mtu." Akashuka ngazi. Njiani tulimsikia anamwamkia mtu, sauti yake ile ile ya siku zote.

Mtaani hakuna tena aliyesema marehemu.

Sleiman alirudi, lakini alichukua muda, na mama yake alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Salamu zile zilikuwa ndo za mwisho alizozipata kwake. Alipoambiwa habari alikuja kwa baba akaomba aoneshwe ile mashine. Baba akaiwasha, harufu ya karafuu ikatoka kama kawaida, akamuunganishia kipaza sauti, akamwambia azungumze. Sleiman alikaa mbele ya kioo na kipaza sauti mkononi. Hakusema kitu. Mstari ukabaki umelala, na baba akamwacha, akenda zake kusali.

Baadaye zikaja redio ndogo za betri zisizotaka valvu, kazi za baba zikapungua. Karafuu nazo zikafanya yao: yale mafuta yalilainisha ngozi ya waya ndani ya mtoto, zikagandana kama ubani, mstari ukawa hautulii. Baba aliyaona, na wala hakumwambia bibi. Mashine ikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma, mtoto akabaki stoo. Bibi, baba, Bi Tatu, Bi Kazija, shangazi Nuru na Haji wake, wote nshawaaga. Fungate siku hizi maharusi wanakwenda kuifanyia hoteli, na pengine ni hoteli hii hii, chumba kile kile, na hakuna somo wa kuwaletea sinia.

Nilipomaliza, Rahma akakitazama kile kisanduku, akauliza, "Kwa hiyo ile sauti ya Sleiman imo humu?" Wao wamezoea simu, kila kinachosemwa kinabaki.

"Haimo, mwanangu. Hiki kilikuwa kinapokea, kinakuza, kinapitisha. Hakikuweka kitu."

Nikakiinamisha kumuonesha. Ndani kikafanya mlio mdogo, na mbele ya makochi yao ikaanguka karafuu moja, nyeusi, kavu, kichwa chake bado kipo. Yule msichana wa mapokezi akaiokota, akainusa, akampa Rahma.

Waliniambia nikichukue kama nakitaka, watamwomba mwenyewe. Nikakataa. Mtoto bila ya mashine yake nimpeleke wapi? Nikakirudisha mwisho wa rafu kilipokuwa, nikawaomba jambo moja tu: wakipangusa vumbi, karafuu zilizobakia wasizitoe.